Je, wajua kwa nini dramu hupoteza mshindo katikati ya chumba cha Mji Mkongwe?

"Sheikh, mbona ngoma zinalia kisimani?" Ndivyo alivyoniuliza mpigaji, hedifoni masikioni, siku tuliyojaribu kurekodi dramu kwa mara ya kwanza ghorofani, mtaa wa Malindi. Maiki zilikuwa nzuri, za kuazima. Ngozi za dramu mpya. Tumeiweka dramu katikati kabisa ya chumba ili kila upande upate nafasi. Kumbe hapo katikati ndipo penye kasoro yenyewe.

Chanzo ni boriti. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Mkoko mnyoofu unaoweza kubeba uzito wote huo haupatikani mrefu, kwa hiyo upana wa chumba hufuata boriti: mita 3 hivi. Urefu waweza kwenda utakavyo, upana hauendi. Ndiyo maana vyumba vyetu vimekaa kama ushoroba.

Sasa piga hesabu. Kwenye joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde. Itoke ukuta mmoja, igonge wa pili, irudi: mita 6. Safari hiyo hutimia mara 58 kwa sekunde moja. Na ile ngoma kubwa ya mguu, kiki, mara nyingi hutetema baina ya mara 50 na 70 kwa sekunde. Yaani chumba na kiki vina sauti moja! Wimbi linalokwenda hukutana na linalorudi. Kando ya kuta husaidiana, lakini katikati, mita moja na nusu kutoka kila upande, moja linasukuma hewa wakati jenzake linaivuta, na yote mawili yanafia hapo. Huna dramu? Piga muziki wenye besi nzito kwenye spika kubwa, kisha tembea pole pole kutoka ukutani hadi katikati ya chumba. Utaisikia besi ikikukimbia.

Maiki iliyotiwa ndani ya kiki haiathiriki sana, maana iko karibu mno na chanzo. Zinazoumia ni zile za juu, zinazosikiliza dramu nzima pamoja na chumba.

Wengi wetu hukimbilia magodoro. Godoro la inchi 4 huzima vizuri makali ya matoazi, na pia ule mlio wa chuma unaosikika ukipiga kofi baina ya kuta mbili tupu. Lakini wimbi la kiki lina urefu wa mita 6; ili kitu laini kilizuie ipasavyo kinatakiwa kijae karibu robo ya urefu huo, mita moja na nusu. Hiyo ni nusu ya chumba! Na kanga iliyotundikwa ukutani ni pambo tu, tusidanganyane.

Sisi tuliisogeza dramu na maiki zake hatua moja kuelekea ukuta mmoja, tukatandika zulia chini, tukasimamisha magodoro mawili ya sufi upande wa pili. Kiki ikarudi. Kufungua madirisha nako kunasaidia, kwani besi hupata pa kutokea, ila vespa nazo hupata pa kuingilia. Wapigaji wa msewe kule Pemba hawayajui mashaka haya: ngoma yao huchezwa uwanjani, na sauti ikienda haina ukuta wa kuirudisha.

Limebaki la maiki zenyewe kugombana. Sauti huchukua takriban milisekunde 3 kwenda mita moja, hivyo maiki mbili zilizo umbali tofauti kutoka kwa snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, huisikia kwa nyakati tofauti. Chukua mtetemo wa 200 kwa sekunde, ulio tumboni mwa snea: tofauti ya sentimita 87 yatosha kuifanya maiki moja isikie msukumo wakati nyingine inasikia mvuto. Ukizichanganya, snea inakuwa kama bati. Dawa ni kamba. Shika ncha moja katikati ya snea, pima hadi maiki ya juu, kisha iweke maiki ya pembeni kwa kipimo hicho hicho. Mpangilio huu unajulikana kwa jina la Glyn Johns, fundi sauti wa Uingereza, na kwa dumbaki pia unafaa.

Huko huko Uingereza, kwa albamu ya bendi ya roki ya Led Zeppelin iliyotoka mwaka 1971, dramu iliwekwa ukumbini chini ya ngazi katika nyumba ya Headley Grange, na maiki mbili zikatundikwa juu ngazini. Mwangwi ule ule tunaoukimbia chumbani wao waliutafuta. Nasi ngazi za mawe tunazo, tukajaribu usiku, baada ya sala ya isha. Mshindo ulijaa nyumba nzima, na kwa kweli ulipendeza, mpaka bibi wa chini alipopanda, buibui mabegani, kuuliza harusi ni ya nani na mbona yeye hakualikwa.