Amplifaya ya vali ikinguruma, usikimbilie vali

Peleka amplifaya kuukuu ya vali (mirija ya kioo inayokuza sauti) kwa fundi wa redio pale Katwe, Kampala, useme inanguruma. Huenda ukaambiwa vali zimechoka. Imani hii ni ya siku nyingi, na imetupa jalalani vali nzima kabisa.

Sikiliza ngurumo yenyewe kwanza. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu (wa mwelekeo mmoja), mawimbi yanayobaki huwa ya hezi 100. Kazi ya kuyalainisha ni ya kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) kubwa za elektroliti. Ndani yake mna kimiminika ambacho hukauka kwa miaka na joto (na vali zina joto, wee!). Kikikauka, mawimbi hupenya hadi kwenye spika. Punguza sauti hadi mwisho: ngurumo nzito ikibaki vilevile, anza kushuku kapasita hizo. Mikwaruzo na milio ya kupasuka ni habari nyingine. Hapo vali inaweza kweli kuwa na hatia.

Wengine nao hung'oa kila kapasita wanayoiona. Hakuna haja. Za maika na nyingi za kauri hudumu miongo. Za karatasi ndizo huvuja, zibadilishwe. Kapasita mpya isiwe na volti pungufu kuliko ya zamani, na ncha chanya na hasi zisipishane.

Hata ukichomoa waya ukutani, kapasita zile kubwa zaweza kushikilia volti 400. Zimalize chaji kwa rezista (kifaa kinachopunguza mkondo), kisha upime kwa mita kabla ya kugusa.