"Bila tovuti haupo mtandaoni," na maneno mengine yanayowagharimu wenye maduka

Dada yangu ana fremu ya ushonaji Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Mwaka jana kijana mmoja alimtajia bei ya kumtengenezea tovuti, pesa inayokaribia ya cherehani mpya, na dada alikuwa ameshaanza kuikusanya. Nilimzuia. Nimeshaona wenye maduka wengi wakitoa pesa ya jasho kwa kuamini maneno ya aina hii.

"Bila tovuti haupo mtandaoni."

Anayetafuta fundi kwenye simu anataka kujua mambo matatu: yuko wapi, saa hizi amefungua, na gauni la kitenge anashona kwa shilingi ngapi. Wasifu wa biashara wa Google, yaani ukurasa wa duka unaotokea kwenye Google na ramani yake, ule uliokuwa ukiitwa Google My Business hadi 2021, unajibu mawili ya kwanza. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ina katalogi ya kuweka picha za mishono na bei zake. Zote mbili ni bure. Tovuti ina wenyewe: mwenye loji, kampuni ya utalii, anayeomba zabuni. Hao jina la .co.tz na barua pepe ya kampuni vinawajengea imani kwa mteja wa mbali. Na jina hilo hulipiwa kila mwaka, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalisemi siku ya kwanza.

"Ukishafungua wasifu, kazi imekwisha."

Hapa ndipo watu wanapoteza wateja bila kujua. Dada wasifu alikuwa nao tayari, alifunguliwa na mpwa wetu. Nilipoutazama, saa za kazi zilikuwa 2:00 hadi 12:00. Kwake hiyo ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwa Google ni saa nane usiku mpaka saa sita mchana! Kwa hiyo kila alasiri, muda ambao wanawake wanaotoka kazini wangepita kupimwa, simu zao zilionyesha kwa maandishi mekundu kwamba amefunga, naye yuko ndani anashona. Sahihi ni 8:00 asubuhi hadi 6:00 jioni, kwa hesabu ya Kizungu. Kagua ya kwako leo.

Pini, ile alama ya duka kwenye ramani, nayo ilikuwa imekaa mtaa wa pili. Usiiachie ramani ikukadirie. Ivute kwa kidole mpaka ikae juu ya paa lako, kisha mwambie bodaboda asiyekufahamu aifuate. Halafu kiungo cha WhatsApp, kile mteja anachobonyeza ili akuandikie: baada ya wa.me/ namba huanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Cha dada kilikuwa na sifuri. Aliyekibonyeza hakufika popote.

"Kijana atanifungulia, mimi sijui mambo hayo."

Kufunguliwa si vibaya. Ubaya ni akaunti kusajiliwa kwa barua pepe na namba ya kijana. Mpwa wetu alikwenda chuo Dodoma, na kila tulipotaka kubadilisha kitu ilibidi tumsubiri atoke darasani. Yeye ni damu yetu. Fikiria angekuwa mtu baki mliyekosana. Google inaruhusu mmiliki mkuu awe wewe, na msaidizi awe meneja tu, ambaye unaweza kumwondoa siku yoyote. Fungua barua pepe ya duka, nywila iandike mahali pa siri nyumbani, na namba ya akaunti iwe ya laini unayoitumia kila siku. Laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa na namba yake ikapewa mtu mwingine.

"Usiweke bei, andika njoo DM."

Yaani mteja akuulize kwa ujumbe wa faragha. Naelewa hofu ya anayesema hivi: jirani ataona bei na kushusha yake. Lakini jirani anaijua bei yako tayari, anatuma mtu kuuliza. Anayefichwa ni mteja, na mteja ana aibu. Hataki kuuliza bei halafu aonekane hana pesa, basi anapita kimya kwenda kwa aliyeandika. Kama kazi zinatofautiana, andika bei ya kuanzia: "gauni la mshono wa kawaida kuanzia shilingi kadhaa, kitambaa chako." Inatosha.

"Wafuasi wengi, wateja wengi."

Wafuasi walionunuliwa hawavai nguo. Fundi wa Morogoro anahitaji watu mia mbili wa Morogoro.

"Maoni mabaya nitayafuta."

Huwezi. Unaweza kuyaripoti kama yamevunja kanuni za Google, mengine yanabaki. Yajibu kwa adabu na useme utakavyorekebisha, maana anayefuata anasoma jibu lako kuliko malalamiko. Kununua maoni mazuri kumekatazwa, na wasomaji huyatambua: sifa kumi za siku moja, zote za maneno matatu.

"Nina Instagram, sihitaji kingine."

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na wateja wake wote ndani ya DM hakuwa na njia ya kumwambia hata mmoja kwamba nguo iko tayari. Dada yangu ana daftari la vipimo: kifua, kiuno, urefu, na juu ya kila ukurasa jina na namba ya simu ya mwenye nguo. Usiku ule alituma meseji za kawaida, na kesho yake watu walikuja kuchukua nguo zao.