Kurusha nyundo si kazi ya misuli ya mikono

Wengi wakisikia "kurusha nyundo" hufikiria pande la mtu likivurumisha nyundo ya fundi kwa nguvu za mabega. Sivyo. Nyundo ya wanaume ni tufe la chuma lenye waya na mshikio, kilo 7.26 kwa jumla, na kinacholirusha hasa ni miguu.

Mtazame Koji Murofushi wa Japani, aliyefunzwa na baba yake, Shigenobu, bingwa wa Michezo ya Asia mara 5. Koji alikuwa na kilo 100 hivi, mwepesi mbele ya wapinzani wengi, lakini mwaka 2003 mjini Prague alifikisha mita 84.86! Alizunguka mara 4 ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, kila mzunguko ukiongeza kasi, mikono imenyooka kama kamba. Tufe likiachiwa huwa linapita kilomita 100 kwa saa.

Wala si mchezo wa vijana pekee. Dhahabu ya Olimpiki ya Athens 2004 Koji aliipata akiwa na miaka 29, baada ya Adrián Annus wa Hungaria kunyang'anywa. Ubingwa wa dunia, Daegu 2011, ulimkuta na miaka 36.