Kanisa la Mkunazini: tazama paa kabla ya kushuka mahandakini

Wageni wengi wanaoingia kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, huwa wameshapangiwa ratiba: tiketi, mahandaki yanayosemekana watumwa walifungiwa humo, sanamu ya watumwa shimoni, picha mbili tatu, kisha kanisani dakika tano huku joto limeshawamaliza. Mimi kazi yangu ni majengo ya mawe na chokaa, na nasema ratiba hiyo ipinduliwe. Anza na kanisa ungali hujachoka. Mengi unayosimuliwa pale uwanjani yana ubishi ndani yake, lakini jengo liko palepale na anayejua pa kutazama analisoma mwenyewe.

Kufika ni rahisi. Kutoka soko la Darajani unaingia Mkunazini, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Nenda asubuhi, saa 3 hivi, kabla makundi ya watalii hayajajaa na jua likiwa bado upande wa madhabahu, ili vioo vya rangi vipate mwanga kwa nyuma. Bei ya tiketi ya mwenyeji na ya mgeni si moja, kwa hiyo beba kitambulisho. Jirani zetu Waislamu huuliza sana kama wanaruhusiwa kuingia, na viatu je? Wanaruhusiwa, na viatu havivuliwi. Mwanamume huvua kofia. Mwanamke akiwa na buibui na mtandio wake hana la kubadilisha. Kaptura na mabega wazi ndiyo matatizo, na hayo si ya kanisani tu, Mji Mkongwe wote hauyapendi.

Tarehe kwa ufupi, maana bila hizo jengo halieleweki. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873. Padri Arthur West wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alinunua sehemu ya kiwanja cha soko, na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa kipande cha jirani. Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Aliyesukuma kazi yote ni Askofu Edward Steere, yuleyule wa sarufi ya Kiswahili na tafsiri ya Biblia, ambaye hakuwa fundi wala msanifu majengo kwa taaluma.

Sasa simama katikati ya kanisa utazame juu. Dari ni la mviringo, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa juu ya kuta mbili. Ili ujue ni jambo gani lilifanyika hapo, fikiria nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu, na sababu ni boriti. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 au karibu na hapo bila kulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa, basi upana wa chumba unaamuliwa na mti. Kanisa linataka ukumbi mpana usio na msitu wa nguzo, na hapo boriti haina msaada. Mbao ndefu za kuagiza zilikuwapo, lakini mchwa wa Unguja huzijua mbao za kigeni kuliko seremala. Steere akaamua kumwaga zege: saruji ya Portland iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa.

Uzuri wa matumbawe ni wepesi wake. Yamejaa vitundu, kwa hiyo zege lake halina uzito wa zege la mawe magumu. Ubaya ni hivyohivyo vitundu, kwani hunywa maji. Halafu dari la namna hii halikai juu ya kuta kwa utulivu kama dari bapa. Linazisukuma kwa nje mchana na usiku, miaka yote. Kinacholizuia lisifunguke ni unene wa kuta hasa. Wapo waliotabiri kwamba litaanguka, na kwa elimu ya wakati ule hawakuwa wajinga. Ukitaka kukagua mwenyewe, tazama sehemu tatu: mstari wa juu kabisa katikati, ambako dari likifunguka ufa huanzia kwa ndani, pale tao linapokutana na ukuta, na pembe za madirisha. Ufa mwembamba kama uzi si habari. Ufa unaoingia ukucha, na wenye doa la maji pembeni, ndio wa kuitiwa mtu.

Madirisha ni membamba yenye ncha juu, mtindo wa Gothiki ya Ulaya, ila mkono wa mafundi wa pwani unaonekana kwenye lipu na kwenye mapambo. Mkono huohuo unaonekana mwisho wa magharibi, karibu na beseni la ubatizo. Nguzo ndogo za pale zimesimama kichwa chini, pambo la juu likiwa sakafuni. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri, mafundi wakazisimamisha walivyoona wao, na aliporudi akaamua ziachwe. Zitazame vizuri. Kwa mzigo wa pale, kupinduka kwake hakudhuru kitu, na kuzing’oa kungedhuru.

Mbele, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Mapokeo yanasema hapo ndipo ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa, na nyekundu ni damu yao. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Usipite haraka msalaba wa mbao ulio karibu na mimbari. Mbao yake ilitoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Alifariki tarehe 1 Mei 1873, siku 35 kabla ya mkataba wa kufunga soko. Mwili wake ulibebwa hadi pwani na wenzake wa safari wakiongozwa na Chuma na Susi, ukapitia Unguja kwenda kuzikwa London. Watembeza wageni wengi huwataja wazungu wote wa hadithi hii na kuwasahau hao wawili.

Kabla hujatoka, sogea ukutani. Hapa ndipo jengo linaposema lilivyo kiafya. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haukujengwa ili uzuie maji, umejengwa uyanywe na kuyatema. Unyevu hupanda kutoka ardhini, aghalabu hadi usawa wa kiuno au kifua, kisha hutoka kwa kupitia lipu ya chokaa. Fundi akija na haraka zake akapiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unakosa mlango. Unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, unafika kwenye lipu nzuri ya zamani, unakauka hapo na kuacha chumvi. Chumvi ile ikikaa inaota kama unga mweupe, inavimba, inabandua lipu vipandevipande. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza saruji. Nusu ya kuta zinazooza Mji Mkongwe zimeuawa na dawa hiyo.

Tiba yenyewe haina siri, ina uvumilivu. Lipu mbovu inabanduliwa hadi jiwe lionekane, ukuta unaachwa upumue, chumvi inapigwa brashi kavu bila maji, kisha inapigwa lipu ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa chumvi. Tabaka liwe jembamba, na kila tabaka linyunyiziwe maji na kukingwa dhidi ya jua, maana chokaa ikikauka kwa ghafla inapasuka kabla haijashika. Mchanga wa ufukweni usiooshwa ni kuirudisha chumvi ukutani kwa mkono wako mwenyewe. Kanisa hili lilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya, pamoja na maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa yaliyofunguliwa hapo uwanjani mwaka 2016. Jengo la bahari na joto halikarabatiwi mara moja likaachwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kila anayejua paa linalovuja maana yake nini alitazama upya mapaa ya jirani.

Nimetaja Beit al-Ajaib, basi nimalize na hadithi ya mnara. Utaambiwa Sultani Barghash alitoa saa ya mnarani kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa Beit al-Ajaib. Saa alitoa. Sharti kwa maneno hayo haliendi na miaka: Beit al-Ajaib ni la 1883, na wakati huo kanisa lilikuwa limeshasimama. Mahandaki nayo yana hoja yake. Yako chini ya jengo lililojengwa na misheni kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa, na ndiyo sababu wanahistoria kadhaa wanasema huenda yalikuwa maghala. Kuyatilia shaka mahandaki si kulitilia shaka soko. Soko lilikuwapo, na watu waliuzwa hapo. Shuka ukaone, lakini tenga muda mrefu zaidi kwa maonyesho, yamepangwa kwa uangalifu. Sanamu ya Clara Sörnäs wa Sweden, watu watano shimoni na mnyororo shingoni, usiiruke.

Kwa ibada, njoo Jumapili asubuhi, na saa kamili uisome kwenye ubao wa matangazo mlangoni siku moja kabla, kwa sababu zipo siku ratiba hubadilika, hasa Askofu akiwapo. Urithi wa UMCA ni wa Anglikana wa mrengo wa juu. Kuna uvumba, kuna kengele, kuna kupiga magoti na mavazi kamili ya mapadri, kiasi kwamba Mkatoliki atajiona yuko kwao hadi atakaposikia maombi ya viongozi. Kwa asiyezoea, kaa safu za nyuma upande wa ukutani na ufuate wenzako wanavyosimama na kukaa. Meza ya Bwana ni kwa waliobatizwa na kuthibitishwa. Mwingine anaweza kwenda mbele akiwa amekunja mikono kifuani, akabarikiwa. Kamera haitumiki wakati wa ibada, hata ya simu. Na anayetaka picha tu asije Jumapili kabla ya adhuhuri, ataombwa asubiri nje.

Muziki ndio unaonifanya niwatume watu kanisani hata wasiojali mawe. Dari la zege na lipu ngumu hairudishi sauti mara moja, huizungusha. Piga kofi moja kanisa likiwa tupu usikie linavyochelewa kufa. Kwaya inayoimba bila vyombo, sauti nne, mwendo wa taratibu, hapo inapata msaada ambao hakuna kipaza sauti kitaupa. Tatizo huja pale spika kubwa mbili zinapowekwa mbele na kinanda cha umeme kufunguliwa besi yote. Besi inajaa darini, maneno yanazama, mwalimu wa kwaya anaongeza sauti akidhani hasikiki, na hali inazidi.

Kwa wanaoandaa tamasha hapo au kwenye kanisa lolote la dari la namna hii: tumieni spika ndogo kadhaa zilizo karibu na wasikilizaji, zielekezwe kwa watu, zisielekezwe juu. Punguzeni besi. Nyimbo za makofi ya haraka ziwe chache. Mazoezi ya kanisa tupu yanadanganya, kwa sababu watu wakijaa nguo na miili hunywa sauti, na mwendo uliokuwa mzito mchana unafaa usiku. Msikilizaji akae theluthi ya mbele, pembeni kidogo ya njia ya kati. Kwenye mstari wa kati wenyewe sauti huweza kujikusanya, na nyuma kabisa utasikia mwangwi kuliko waimbaji.

Kisha kuna saa. Misikiti iko jirani, na adhana itaingia kanisani mlango ukiwa wazi au umefungwa. Asiyejua hupanga tamasha saa 12 jioni na wimbo wake wa tatu unakutana na magharibi. Panga kati ya alasiri na magharibi, au anza saa 2 na nusu usiku isha ikiwa imepita. Mwezi wa Ramadhani, anza baada ya tarawehe au ahirisha. Jirani zako wako kwenye ibada yao na vichochoro vimejaa watu.

Ukibaki na nusu siku, Minara Miwili ya Shangani, kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwishoni mwa karne ya 19, ina vioo vya Ufaransa na kuta zilizochorwa picha. Minara unaiona ukiwa baharini, lakini ukiwa vichochoroni inakupotea, kwa hiyo uliza watu. Mlango mkuu ukiwa umefungwa zunguka nyuma uingilie uwanjani, na ukikutana na mtawa mwamkie Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa la Mtakatifu Yohana la Mbweni, la 1882, ni dogo na tulivu. Panda daladala 505 ya Uwanja wa Ndege, shuka njia panda ya Mbweni, halafu utembee. Siku za kazi mara nyingi hufungwa, ila aliye na ufunguo huwa hayuko mbali.