Kutafuta Bunyoro Kukiwa na Unyoro: Dhana Potofu Kuhusu Hifadhi za Kidijitali

Dhana: Neno lisipopatikana katika hifadhi ya kidijitali, basi jambo lenyewe halikuandikwa.

Ukweli: Mashine hulinganisha herufi na haijui maana. Mwanafunzi wa historia mjini Kampala anayeandika "Bunyoro", jina la ufalme wa magharibi mwa Uganda, katika kisanduku cha kutafutia atapitwa na kurasa nyingi za karne ya 19, kwa sababu msafiri Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliandika "Unyoro", na msafiri mwenzake Samuel Baker akatumia jina hilohilo mwaka 1866. Speke alitokea pwani pamoja na wapagazi na wakalimani waliozungumza Kiswahili, lugha ambayo majina ya nchi huanza kwa U-, na kwa njia hiyohiyo "Buganda" ikageuka kuwa "Uganda" na Busoga ikaitwa "Usoga". (Inashangaza kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili ndio tunaoisahau U- yetu wenyewe tunapofanya utafiti.) Majina ya watu nayo yana sura nyingi: Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza huonekana kama "Mtesa" au "M'tesa", na Omukama (mfalme wa Bunyoro) Kabalega kama "Kabarega" au "Kabba Rega". Ni heri kuorodhesha tahajia zote zinazowezekana kabla ya kuanza kutafuta.

Ugumu mwingine unatokana na sarufi. Hifadhi nyingi huruhusu alama ya nyota (*), inayosimama badala ya herufi zozote, mwishoni mwa neno, jambo linalofaa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Lakini katika lugha za Kibantu mabadiliko mengi hutokea mwanzoni, kama mpagazi na wapagazi, au omuntu na abantu kwa Luganda, na mifumo kadhaa haikubali nyota itangulie. Hapo hakuna njia ya mkato: kila umbo hutafutwa peke yake.

Dhana: Matini yanayosomeka kwenye skrini ndiyo hati yenyewe.

Ukweli: Matini hayo hutengenezwa na programu inayokisia herufi kutoka kwenye picha ya ukurasa. Wino ukififia, au safu mbili za gazeti zikiunganishwa kimakosa, sentensi huvurugika, na herufi ŋ ya Luganda inaweza kusomwa kama n au g. Nukuu ichukuliwe kwenye picha, kamwe isichukuliwe kwenye matini yaliyonakiliwa na mashine.

Dhana: Kila kilicho muhimu kimekwisha kuwekwa mtandaoni.

Ukweli: Vitabu vya wasafiri wa Kizungu hupatikana kwa urahisi kwa kuwa vilichapishwa zamani, haki zake zimekwisha muda, na maktaba kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa na fedha za kuvipiga picha. Nyaraka za utawala wa Uganda ni suala jingine. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon huko Fort Portal kimeshughulikia kuweka katika mfumo wa kidijitali nyaraka za wilaya ya Kabarole, lakini mafaili mengi yaliyohamishwa kutoka Entebbe hadi Hifadhi ya Taifa, Wandegeya, bado humtaka mtafiti aende mwenyewe akaombe jalada. Anayetegemea mtandao peke yake atajikuta akiieleza nchi hii kwa macho ya wageni, huku sauti za magazeti ya Luganda kama Ebifa mu Buganda, lililoanza mwaka 1907, na Munno, la mwaka 1911, zikimpita.

Dhana: Neno likiongezeka katika grafu inayoonyesha limetumika mara ngapi kila mwaka, watu walilizungumzia zaidi.

Ukweli: Huenda ni magazeti ya miaka hiyo tu yaliyosalimika kwa wingi.

Dhana: Kitabu kisichofunguka mtandaoni hakina faida.

Ukweli: HathiTrust, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa mwaka 2008, huonyesha kurasa ambamo neno limo hata pale ambapo haki za mwandishi zinazuia kusoma. Mtafiti akinakili namba hizo za kurasa, akapanda hadi Chuo Kikuu cha Makerere, akakuta nakala ya kitabu rafuni, atafungua moja kwa moja panapomhusu.