Plastiki ya faiba inavunjikia kwenye mshono, na kuongeza faiba hakutakusaidia

Jamani hili swali naletewa sana, na vijana wa viwanda vya Changamwe na mafundi wa magari pia: mbona kitu cha nailoni yenye faiba ya kioo, yaani vinyuzi vifupi vya kioo vilivyochanganywa ndani ya plastiki, kigumu namna ile, kinapasuka mstari mmoja ulionyooka? Chukua tanki la plastiki la rejeta, lile lenye shingo ya kuvalisha mpira, litazame nyuma ya shingo au kando ya tundu la boliti. Mara nyingi utaona kamstari kembamba, ukipitisha ukucha unakasikia. Basi hapo ndo mshono.

Plastiki ya moto ikiingia kwenye moldi, lile kalibu la chuma linaloipa umbo, ikakuta pini, yaani kijiti cha chuma kinachoacha tundu, inagawanyika, inazunguka, halafu inakutana upande wa pili. Ama moldi ina mageti mawili, yaani matundu ya kuingizia plastiki, kila geti linaleta yake na zinakutana katikati. Ikiwa plastiki tupu wala si shida kubwa, nyuso mbili zikikutana zingali na moto zinashikana karibu sawasawa. Balaa ni faiba. Plastiki inakimbia zaidi katikati kuliko pembeni, ikifika mbele inatawanyika kuelekea kuta za moldi, na vile vijiti vya kioo, vyenye unene wa mikroni 10 hivi na urefu ambao kwa kawaida haufiki nusu milimita vikishapita kwenye skruu ya mashine inayosukuma plastiki, vinageuzwa vinalala kimkingamo pale mbele. Nyuso zikikutana, faiba za huku zimelala na za kule zimelala, karibu hakuna iliyovuka. Ni kama mkeka tu, ukili umesukwa imara lakini miyaa ya ukili huu haiingii kwenye ukili ule, kinachoshika ni uzi wa kushonea peke yake.

Ndo maana kuongeza faiba hakusaidii. Nailoni 66, aina moja ya nailoni, ikiwa kavu na haina faiba inastahimili kuvutwa kama megapaskali 80 (kipimo cha nguvu kwa eneo), ukitia kioo asilimia 30 inafika karibu 180, lakini kwenye mshono inaweza kurudi kule kule kwa nailoni tupu ama chini yake. Umelipia kioo, na pale panapovunjika hakifanyi kazi. Kama una kipande kilichovunjika kiangalie kwenye jua: mahali pengine utaona uso una manyoya ya faiba zilizong'oka, kwenye mshono uso ni laini.

Sasa wengi wakiona hivyo wanakimbilia kupandisha moto wa mashine. Si vibaya, nailoni 66 ya kioo inataka joto la nyuzi kama 280 mpaka 300 za Selsiasi na moldi yenyewe isiwe baridi, 80 kwenda juu, na presha ya kushindilia iwepo, lakini moto unasaidia nailoni kushikana na nailoni, faiba hauzigeuzi. Ukizidisha unaichoma. Na hapa kwetu kuna hii hewa ya bahari, nailoni inanyonya unyevu vibaya sana, gunia likikaa wazi usiku mmoja tu ushaharibu kazi, kwa hivyo kausha punje mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2 kabla hujazitia kwenye hopa, ile faneli ya mashine. Njia za kutolea hewa kwenye moldi pia zisafishe, hewa ikibanwa pale plastiki zinapokutana inashika moto na kuacha doa jeusi juu ya mshono.

Dawa yenyewe kwa maoni yangu ni geti. Kwanza jua mshono uko wapi, piga vipande visivyojaa, moldi ijae kama asilimia 90, kisha 95, uvipange mezani utaona kabisa plastiki zinakutana wapi. Halafu uhamishe geti ili mshono uangukie mahali pasipobeba mzigo, usikae kwenye tundu la boliti. Kama mshono hauhamishiki, chonga kimfuko kidogo nje ya kitu, upande mmoja wa mshono, ili plastiki zikishakutana ziendelee kusukumana kuingia humo, ule mwendo ndo unaozigeuza faiba zikavuka, kisha kimfuko unakikata. Wenye pesa wanatumia mageti ya zamu, la pili halifunguki mpaka plastiki ya la kwanza ishalipita, basi hapo kati ya mageti mshono haupo. Na kule Uingereza, chuo cha Brunel walibuni njia ya kuisukuma plastiki mbele na nyuma inapoganda, inafanya kazi vizuri ila vifaa vyake ghali, sioni karakana ndogo ikihangaika navyo.

Tundu dogo wakati mwingine ni bora ulitoboe kwa drili baadaye kuliko kuweka pini kwenye moldi, utakata faiba kidogo ndio lakini mshono hutakuwa nao. Na kama ndo unaagiza moldi mpya, mwambie fundi akuchoree mshono utaangukia wapi kabla chuma hakijakatwa, manake kuziba geti na kuchonga jingine kwenye chuma kilichokwisha kutiwa ugumu ni gharama nyingine kabisa.