Netiboli ya kutembea si matembezi

Jumamosi iliyopita, kwenye bonanza la mtaani kwetu, akina mama wa miaka 50 na kuendelea waliingia uwanjani kucheza netiboli ya kutembea. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Na sasa mabibi zetu nao wametoka kutembea kidogo!" Watu wakacheka. Dakika chache baadaye mama mmoja, aliyechezea timu ya kiwanda miaka ya 1980, aliuwahi mpira kwa hatua mbili za mbio na mwamuzi akapuliza filimbi. Kipaza sauti tena: "Refa, mwache bibi atembee!" Hilo la pili ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu yule mama alipulizwa filimbi kwa kosa la kutotembea.

Maana yenyewe haina mzunguko. Ni netiboli: watu saba kila upande, uwanja wa sehemu tatu, kila mchezaji na eneo lake, pete juu ya mlingoti. Kilichobadilika ni kanuni za miguu. Hakuna kukimbia wala kuruka. Wakati wote mguu mmoja uwe umegusa chini. Mwenye mpira hupewa muda mrefu kidogo kuliko sekunde 3 za kawaida. Mchezo huu umeota mizizi hasa Uingereza na Australia, na ni ndugu wa soka la kutembea, lililoanzia Chesterfield mwaka 2011 kwa wanaume wa zaidi ya miaka 50.

Kinachotupoteza ni neno kutembea, kwani Kiswahili kimelibebesha mizigo miwili. Mgeni akikuambia "nimekuja kutembea tu," anamaanisha hana shida, hana haraka, hakuja kukopa. Huko ndiko yalikotoka matembezi, na ndiyo maana wazee wa pwani wakitaka kusema mtu hakupanda gari husema amekwenda kwa miguu. Kutembea kwao ni kupunga upepo. Lakini msikilize mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja: "Mwanangu ameanza kutembea." Hapo hakuna starehe yoyote. Mtoto alisimama dede, akainua mguu mmoja, ule mwingine ukabaki chini kumshikilia asianguke. Mguu baada ya mguu, na kila hatua ni kazi. Netiboli ya kutembea imechukua neno kwa maana ya yule mtoto, na mshereheshaji akalisikia kwa maana ya yule mgeni.

Ukitaka kuona uzito wa maana hiyo, tazama riadha. Kwenye mashindano ya kutembea kwa kasi, waamuzi hukaa pembeni mwa njia wakichunguza viatu: miguu yote miwili ikionekana kuacha ardhi kwa pamoja, ni kosa. Mkenya Emily Ngii alipata medali ya shaba ya mita 10,000 kwa kanuni hiyo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022. Sijasikia mtu akisema alikwenda Birmingham kutembea kidogo.

Nilisimama karibu na mstari siku ile, nikaangalia miguu. Mama anayecheza nafasi ya kati anadaka mpira kifuani, mguu wa kushoto umekita, kisigino cha kulia kinapanda, kidole gumba bado kinagusa vumbi. Mwili mzima unataka kuruka, maana umezoea hivyo tangu shuleni, na yeye anauzuia. Anageuka kiuno, anamtafuta mwenzake, anatoa pasi. Anahema, kuongea anaweza, kuimba hawezi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu walau siku 3 kwa wiki, na hiki nilichokiona, kusimama ghafla, kugeuka, kunyoosha mkono juu huku mguu mmoja ukibeba uzito wote, ndicho kitu chenyewe. Kilichoondolewa ni kule kuruka na kutua kunakoumiza magoti na vifundo vya miguu.

Kuna na neno la pili linalosemwa vibaya: eti huu ni mchezo "uliopunguzwa". Hapana, umerekebishwa. Ukipeleka gauni kwa fundi cherehani alirekebishe, hulichukui likiwa nusu gauni. Linarudi likiwa limekaa kwenye mwili ulio nao leo. Tena netiboli yenyewe ilizaliwa kwa marekebisho: James Naismith alibuni mpira wa kikapu Marekani mwaka 1891, ukavuka bahari, na huko Uingereza wanawake waliovaa sketi ndefu wakaubadilisha, kwenda huku ukidundisha mpira kukakatazwa, uwanja ukagawanywa. Hakuna anayesema leo kwamba netiboli ni kikapu kilichopungua.

Upande mwingine, tusimpake kila bibi mwenye mpira jina hili. Akina bibi wa timu ya Vakhegula Vakhegula ya Limpopo, Afrika Kusini, waliokusanywa na Beka Ntsanwisi, wanacheza soka, na wanakimbia. Kuuita mchezo wao soka la kutembea kwa sababu tu ya umri wao ni kuwavua mbio zao. Jina linatokana na kanuni inayochezwa siku hiyo. Umri wa anayecheza ni jambo jingine. Binti wa miaka 20 akiingia netiboli ya kutembea naye hatakimbia, na ninavyowajua mabinti, atapulizwa filimbi mara nyingi kuliko bibi yake.

Kwa hiyo, ndugu mshereheshaji, bonanza lijalo usiogope kushika kipaza sauti tena, sauti yako tunaipenda. Filimbi ikilia, waambie watu kilichotokea: mguu umeacha chini, mpira unakwenda upande wa pili. Na wakati timu zinaingia, sema tu, "Netiboli ya kutembea," kisha taja majina ya wachezaji na nafasi zao, kama unavyofanya kwa vijana.